Jumatano Zinjanthropus, Jumamosi siku sita: "Mwalimu, ni siku gani ulitudanganya?"

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari moja ya kata, wilaya ya Karatu. Nina miaka 34, nimeoa, tuna watoto wawili. Usharikani kwetu nasaidia pia kufundisha darasa la kipaimara kila Jumamosi, kwa sababu mwinjilisti ana mitaa mingi ya kuhudumia.

Kidato cha kwanza wana mada ya chimbuko la binadamu. Naifundisha kama ilivyo kitabuni: Oldupai, fuvu la kale la Zinjanthropus, nyayo za Laetoli. Jumamosi nafungua Mwanzo sura ya kwanza nafundisha siku sita za uumbaji, na ya saba Mungu akapumzika. Nimefanya hivyo kwa miaka, na kama kulikuwa na kitu kinanisuta, nilikinyamazisha.

Mwezi uliopita binti mmoja ninayemfundisha kotekote alinyoosha mkono kwenye kipaimara. Akasema: "Mwalimu, Jumatano ulituambia lile fuvu lina miaka milioni moja na laki saba na nusu. Leo unasema vyote viliumbwa kwa siku sita, na mwinjilisti alituambia dunia haijafika hata miaka elfu saba. Sasa ni siku gani ulitudanganya?" Wenzake wakacheka. Nilimjibu kwa ukali kwamba mambo ya imani hayahojiwi, akae chini. Akakaa. Tangu siku hiyo hajarudi.

Nasikia amemwambia mama yake kwamba kama Biblia imekosea ukurasa wa kwanza, hana haja na kurasa nyingine. Baba yake ni mzee wa kanisa, na amenijia juu mimi: eti nimempotosha mwanawe na habari za nyani. Mwinjilisti ameniambia nichague, ama niache kufundisha uongo wa Darwin shuleni au niache kipaimara. Akaongeza kuwa vile vipimo vya kaboni vilishathibitika kuwa ni utapeli. Mchungaji anatarajia kutuita sote.

Nimwambie nini huyu mtoto? Nijiuzulu kabla sijaaibishwa? Na la mwisho, ambalo hata mke wangu sijamwambia: siku hizi nikisoma Mwanzo naisikia sauti ya yule binti. Naogopa nikilifuata jambo hili hadi mwisho wake nitabaki bila imani.

Mwalimu, Karatu

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mtoto, maana ninyi watu wazima mtasubiriana hadi mwakani, yeye hasubiri. Swali lake halikuwa la dharau. Mwanafunzi anayedharau hajisumbui kuuliza, hukaa nyuma akachora daftari mpaka muda uishe. Huyu alisikiliza Jumatano, akasikiliza Jumamosi, akaweka maneno yako mawili pamoja, akaona hayakai. Somo la Historia linataka mwanafunzi wa namna gani zaidi ya huyo? Fuvu halikumtoa kanisani. Alikuwa analijua na bado alikuja. Alitoka siku alipoambiwa kwamba yanayosemwa shuleni yanaulizika na yanayosemwa kanisani hayaulizwi. Kwa akili ile ile aliyopewa na Mungu, akabaki na yale yanayoulizika.

Mfuate. Usimwite peke yake ofisini. Nenda kwao, baba na mama wakiwepo, na mwambie mbele yao kwamba ulimjibu vibaya. Najua kwetu mtu mzima kumwomba radhi mtoto ni kama kuvuliwa kanzu. Fanya hivyo hivyo. Kisha mwambie swali lake ni la zamani kuliko Darwin, na kwamba miongoni mwa waliouliza mapema walikuwa Wakristo, tena Waafrika.

Hapo utakuwa na la kusimulia. Karne ya tatu, Aleksandria ya Misri, Origen aliuliza jambo ambalo hata mtoto akisoma taratibu ataliona: jua na mwezi viliwekwa siku ya nne, sasa ile jioni na asubuhi ya siku ya kwanza, ya pili na ya tatu ilitoka wapi? Akasema mtu mwenye akili haoni hapo taarifa ya saa na kalenda, anaona mafumbo yaliyofungwa ndani ya masimulizi. Na Origen hakuwa mpinga dini. Baba yake aliuawa kwa ajili ya Kristo, na yeye mwenyewe aliteswa gerezani uzeeni wakati wa Kaisari Decius, akakataa kumkana.

Baadaye akaja Augustino, askofu wa Hipo, mji ulio Algeria ya leo. Alikaa na Mwanzo miaka mingi, akaandika juu yake tena na tena. Alifikia kuamini kwamba Mungu aliumba vyote mara moja, na kwamba zile siku ni mpangilio wa kutusaidia sisi kuelewa. Katika kazi hiyo hiyo akawaonya Wakristo wenzake: msizungumze ovyo kuhusu mbingu na dunia na nyota, mkidai ndiyo Maandiko, mbele ya watu wasioamini lakini wanaoyajua hayo kwa kuyachunguza. Wakiwaona mmekosea katika lile wanalolijua, watawaaminije katika ufufuo? Hayo aliyaandika mwanzoni mwa karne ya tano. Soma tena maneno ya binti kwa mama yake uone kama si yeye aliyesemwa.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kusoma siku sita kwa namna nyingine ni kuinamia wazungu na Darwin wao, mkumbushe kuwa Darwin alichapisha hoja yake mwaka 1859. Hawa wawili walikuwa makaburini zaidi ya miaka elfu moja na mia nne.

Hiyo hesabu ya dunia kutofika miaka elfu saba nayo haina mstari katika Biblia. Hupatikana kwa kujumlisha umri wa mababu katika vizazi, fulani akamzaa fulani. Aliyepata umaarufu kwa hesabu hiyo ni Askofu James Ussher wa Ireland, ambaye mwaka 1650 alitangaza kuwa uumbaji ulitokea mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alikuwa msomi hodari kwa zama zake. Lakini ni hesabu ya Ussher, na kipaimara hakimfungi mtoto kwa Ussher.

Sasa darasani. Ukirudi kwenye Mwanzo 1 usianze kwa kutetea. Waambie watoto wachore safu mbili. Upande mmoja siku ya kwanza, ya pili na ya tatu: nuru, anga na maji, nchi kavu. Upande wa pili siku ya nne, ya tano na ya sita: mianga ya mbinguni, ndege na samaki, wanyama na mtu. Wataona wenyewe kwamba siku tatu zinaandaa makao na tatu zinaleta wakaaji, kila moja ikikabili mwenzake. Kisha wapeleke sura ya pili, ambako mtu anafinyangwa kabla ya miti ya bustani na kabla ya wanyama. Waliokusanya kitabu hiki waliziweka sura hizo zikiwa zimegusana, na hawakuwa vipofu. Wangetaka kutuachia ratiba, wangeisawazisha.

Waeleze pia majirani wa Israeli waliamini nini. Huko Babeli ilisimuliwa kwamba mungu Marduk alimuua Tiamat, akaupasua mwili wake, nusu akaifanya mbingu, na binadamu wakaumbwa wawe watumwa wa kuwapunguzia miungu kazi. Jua lilikuwa mungu, mwezi mungu. Katika mazingira hayo anasimama mwandishi wa Mwanzo na kusema jua na mwezi ni taa tu zilizotundikwa, na mtu, mwanamume na mwanamke, ni mfano wa Mungu. Kwa mtumwa aliyekuwa uhamishoni hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko umri wa mawe, na kwa mtoto wa Karatu bado ni kubwa. Mimi ningetumia vipindi vyangu vingi hapo.

Kuhusu kaboni, mwinjilisti amebisha mlango usio wake. Kaboni-14 hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Ikishapita miaka elfu hamsini, iliyobaki ni kidogo mno. Hakuna anayepimia fuvu la Oldupai kwa kaboni. Pale ilitumika potasiamu na agoni, na ninyi mnaoishi chini ya milima iliyowahi kutema moto mtaelewa haraka. Mawe ya volkano yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole sana kuwa gesi ya agoni. Lava ikiwa imeyeyuka gesi hutoroka. Ikishaganda, gesi inayozaliwa hunaswa humo humo. Ukipima iliyonaswa na potasiamu iliyobaki, unapata jiwe liliganda lini. Majibu ya Oldupai yalipotoka mwaka 1961 yalikuwa makubwa kuliko alivyotarajia Louis Leakey mwenyewe, ambaye alikuwa amekadiria miaka laki sita tu. Na huyo Leakey alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana. Hakukulia nyumba inayoichukia Biblia.

Jambo jingine la kumpoza mzee, na wewe mwenyewe kama mwalimu ulirekebishe: Zinjanthropus aliyeokotwa na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959 si babu yetu. Wataalamu siku hizi humweka kwenye tawi la pembeni lililokatika bila kizazi. Vivyo hivyo hiyo kauli ya "tulitokana na nyani" iondoe kinywani mwako. Kinachosemwa ni kwamba sisi na sokwe tulikuwa na mababu wa pamoja mamilioni ya miaka iliyopita. Sokwe wa Gombe ni binamu wa mbali sana. Najua mzee hatafurahia hata ubinamu. Ila kama amekubali kila Jumatano ya Majivu kwamba yeye ni mavumbi, sijui kwa nini asili iliyopanda ngazi mbili juu ya mavumbi imkere.

Akitaka kujua kama viumbe hubadilika kweli, muulize kuhusu klorokwini. Kama ni wa rika langu anaikumbuka: chungu, mwili mzima unawasha usiku kucha, lakini homa inaondoka. Mwaka 2001 Serikali iliachana nayo kama dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu haikuua tena vimelea, tukapewa dawa nyingine iitwayo SP. Nayo ikashindwa, na 2006 tukahamia dawa ya mseto. Nini kilitokea? Vimelea vichache vilivyozaliwa na tofauti ndogo iliyovikinga vilibaki hai pale vingine vilipokufa, vikazaana, watoto wao wakairithi kinga hiyo, mwisho vikajaa nchi nzima. Hilo ndilo wazo la Darwin, na mzee amelimeza kwa maji kila alipobadilishiwa dawa. Atakujibu kwamba kimelea kimebaki kimelea. Ni kweli, na usimlazimishe aruke kutoka hapo mpaka Laetoli kwa mazungumzo ya siku moja.

Sasa nikuambie panapouma, kwa sababu binti huyo ana akili na atafika. Siku sita ni jambo jepesi. Gumu ni Adamu. Paulo katika Warumi 5 anamweka Adamu na Kristo uso kwa uso: kwa mtu mmoja dhambi iliingia, na kwa dhambi mauti. Kama viumbe walikuwa wakifa mamilioni ya miaka kabla ya mtu yeyote kutenda dhambi, Paulo anazungumzia mauti gani? Wapo Wakristo wanaojibu kwamba ni mauti ya kutengwa na Mungu. Papa Pius wa Kumi na Mbili, mwaka 1950, aliruhusu wasomi Wakatoliki kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe waliotangulia, lakini akashikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na hakuona jinsi ya kumwacha Adamu mmoja. John Stott, mhubiri wa kiinjili wa Kianglikana wa London aliyefariki 2011, aliamini Adamu na Hawa walikuwa watu halisi, ila akaona inawezekana Mungu aliwapulizia sura yake katika jamii ya viumbe waliokwishakuwepo. Wengine humsoma Adamu kama kila mmoja wetu. Majibu haya hayalingani na hakuna linalomaliza kila kitu. Mimi naegemea kwa Stott, lakini singemnyima mtu kipaimara kwa hilo. Binti akifika hapo mwambie wazi kwamba wakubwa bado wanajadiliana. Atakuheshimu zaidi ya ulipomwambia akae chini.

Tuje kwenye kikao. Usijiuzulu kabla ya kuitwa. Ukijiuzulu utakuwa umemthibitishia binti kwamba alikuwa sahihi, kwamba huwezi kuwa na vyote viwili. Nenda na Biblia, kitabu cha Historia kiache nyumbani. Shuleni huna cha kuchagua: mwajiri ni Serikali, mada ipo kwenye muhtasari, na mtoto atatahiniwa. Mwinjilisti hana mamlaka ya kukuondolea mada ile, na liseme hilo kwa adabu, mara moja, usilirudie.

Mchungaji wako amesoma chuo cha theolojia. Origen na Augustino anawajua kuliko mimi. Wachungaji wengi wanayajua haya yote, hawayasemi mimbarini kwa kuogopa wazee kama huyu wa kwenu. Mpe nafasi ya kuyasema. Muulize mbele ya wote: je, katika usharika huu siku sita za saa ishirini na nne ni sharti la ubatizo? Lipo kwenye Imani ya Mitume? Mtakariri pamoja "Muumba wa mbingu na nchi", na mtaona haikutajwa siku hata moja ya uumbaji. Kama mwinjilisti atasema Luther angekukemea, mkumbushe taratibu kwamba katika mazungumzo ya mezani yaliyoandikwa na wanafunzi wake, mwaka 1539, Luther alimcheka mnajimu mmoja aliyedai dunia ndiyo inayozunguka, akataja kwamba Yoshua aliamuru jua lisimame, si dunia. Leo hakuna Mlutheri anayeona wokovu wake unatetereka kwa sababu dunia inazunguka jua. Luther alibaki Luther, na Yoshua 10 bado inasomwa.

(Ungekuwa Msabato ningekujibu tofauti kidogo. Kwao siku sita zimefungwa na amri ya Sabato katika Kutoka 20, na ni fundisho rasmi la kanisa; mwalimu anayesimama mbele ya darasa lao kwa jina la kanisa hawezi kulipuuza kimyakimya.)

Lolote mchungaji atakaloamua kuhusu nafasi yako, ni haki yake kuamua nani afundishe. Akikuondoa, kaa kwenye benchi kama waumini wengine, imba kwaya kama unaimba. Ila usikubali kurudi kwa sharti la kusema Jumamosi jambo ambalo Jumatano utalikana.

Swali lako la mwisho nimeliacha makusudi. Siwezi kukuahidi kwamba ukichunguza hutapoteza imani. Nimewaona waliopoteza. Lakini wengi wao niliowafahamu hawakuondolewa na vitabu vya sayansi. Waliondolewa na ugunduzi kwamba waliowafundisha walikuwa wakijua na kunyamaza. Wewe unasisitiza kwamba unaogopa kuchunguza, na bado mstari wa pili wa Mithali 25 uko wazi: "Ni utukufu wa Mungu kuficha jambo, bali ni utukufu wa wafalme kuchunguza jambo."

Msome Georges Lemaître ukipata nafasi. Alikuwa padri Mkatoliki wa Ubelgiji, tena mtaalamu wa fizikia, na mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unapanuka. Mwaka 1931 akapendekeza kwamba wote ulianza kama kitu kimoja kidogo mno. Unaweza kudhani angekimbilia kusema "mnaona, Mwanzo 1:1 imethibitishwa!" Mwaka 1951 Papa alipoanza kuelekea huko katika hotuba yake, Lemaître hakufurahi. Hakutaka mtu aegemeze imani yake kwenye nadharia ambayo kesho inaweza kurekebishwa, na hakutaka nadharia ihukumiwe kwa Biblia. Aliadhimisha misa na kufanya hesabu zake, na hatuna habari kwamba kimoja kiliomba ruhusa kwa kingine. Ningependa ujaribu hivyo kwa mwaka mmoja kabla hujatangaza kwamba huna imani. Na mwambie mkeo. Jambo la namna hii ukilibeba peke yako usiku hukua kuliko lilivyo.

Kuna la kufanya wiki hii. Binti amekosa vipindi, na ibada ya kipaimara ina tarehe. Mwombe mchungaji ruhusa ya kumfidia vipindi hivyo nyumbani kwao, mama yake akiwepo, ukianzia pale mlipoishia: Mwanzo 1, swali lake. Na kama mzee atakubali, siku moja mpande wote watatu gari la kuelekea Oldupai, mpite lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, mshuke mpaka makumbusho yaliyo ukingoni mwa bonde. Kuna nakala ya nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Mwache mzee azitazame kwa macho yake, na usimhutubie.